Tawi unalolipima huenda kompaila imekwisha kuliondoa

Wanaojifunza namna prosesa inavyotabiri matawi, yaani kubahatisha mapema programu itafuata njia ipi penye sharti kama if, huanza na jaribio moja maarufu: safu ya namba 32768 za kubahatisha, kila moja kati ya 0 na 255, hupitiwa na kitanzi kinachojumlisha zile tu zilizofikia 128. Safu isipopangwa, prosesa hukosea utabiri karibu nusu ya mara. Ikipangwa, jibu la if hubadilika mahali pamoja tu, na makosa karibu yote hutoweka.

Anayelirudia jaribio hilo kwa kompaila ya GCC (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa) na chaguo la -O3, linaloiamuru iongeze kasi kwa nguvu, kwa kawaida hukuta safu zote mbili zikichukua muda ule ule, huku perf stat, zana ya Linux inayohesabu matukio ndani ya prosesa, ikionyesha makosa machache mno. Prosesa haikujifunza kutabiri namba za kubahatisha. Kompaila ndiyo iliyoliondoa tawi, ama kwa kutumia agizo la cmov, linalonakili thamani kwa sharti bila kuruka popote, lililoingia katika prosesa za Intel na Pentium Pro mwaka 1995, ama kwa kuchakata namba kadhaa kwa pamoja katika rejista pana. Neno if limebaki katika faili letu tu.

Kinachopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni asilimia ya matawi yaliyotabiriwa vibaya. Tuseme tawi la if limeachwa na safu haijapangwa: kila namba inahitaji matawi mawili, la if na la kurudia kitanzi, na wastani wa kosa nusu, yaani asilimia 25. Kompaila ikikikunjua kitanzi mara nne, yaani ikiandika kazi ya namba nne katika mzunguko mmoja, tawi la kurudia hutekelezwa mara moja kwa kila namba nne, hivyo kila namba hubaki na matawi 1.25 na makosa yale yale 0.5. Ripoti sasa itasema asilimia 40, ingawa hakuna kosa hata moja lililoongezeka na programu pengine ina kasi zaidi. Kugawa makosa kwa maagizo elfu hakusaidii sana, kwa kuwa idadi ya maagizo nayo hubadilishwa na kompaila. Mimi hugawa kwa idadi ya namba zilizochakatwa, ambayo kompaila haiwezi kuigusa.

Funksheni fupi inaponakiliwa ndani ya zile zinazoiita, if moja huwa matawi mengi yenye anwani tofauti, na ripoti inayojumlisha kwa mstari wa msimbo huchanganya nakala inayotabirika na isiyotabirika. Hapo mimi husoma perf annotate, inayoonyesha takwimu kwa kila agizo, kwa anwani, nakala moja baada ya nyingine.