CD ya CT unayo mkononi, mbona upigwe tena?

Wagonjwa wa saratani wa Unguja na Pemba wanaohitaji tiba ya mionzi wamezoea safari ya boti kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na CD ya CT (picha za eksirei za ndani ya mwili, kipande kwa kipande) kwenye mkoba. Wakiambiwa wapigwe nyengine, manung'uniko yanaanza: "Hawa wanataka pesa tu."

Picha si ni ile ile? Kwa daktari anayetafuta uvimbe, ndiyo. Kwa anayepanga mionzi, hapana. Kitanda cha CT ya kawaida kimebonyea kama mtumbwi. Cha mashine ya tiba ni bapa kama meza. Mgongo ukilala vyengine, viungo vya ndani navyo vinahama. Tena kwenye kipimo cha kifua huwa tunasema, "Vuta pumzi, zuia!" Siku ya tiba mgonjwa atahema kama kawaida, na uvimbe wa pafu utapanda na kushuka naye. Wakati mwengine picha imekata ngozi ya ubavuni, kwa vile aliyetafuta jiwe la figo hakuwa na haja nayo. Mionzi ya tiba inapitia hapo hapo.

"Basi tieni ubao bapa juu ya kitanda cha CT ya kawaida, yaishe." Hilo hupendwa na wenye kushika bajeti. Ubao ni mwanzo tu. Ukutani hufungwa leza, kazi yake kama timazi ya mwashi: mistari inapokutana juu ya ngozi hutiwa nukta, moja mbele na mbili ubavuni, ili mgonjwa alale vile vile kila siku. Leza ikipotoka zaidi ya milimita 2, irekebishwe kabla hajalazwa mtu.

Halafu kuna namba. Kompyuta ya kupangia husoma namba za picha: maji 0, hewa karibu -1000. Huzigeuza kuwa wingi wa elektroni, ambao ndio unaotumika kukadiria mionzi itakavyopita mwilini, kwa jedwali lililopimwa kwenye mashine hiyo hiyo, mara nyingi kwa kilovolti 120, yaani nguvu ya umeme wa eksirei. Mpigaji akishusha hadi 80, kwa nia njema kabisa, namba za mfupa zinapanda na hesabu ya dozi inaharibika.

Eti wagonjwa wengine wa CT ya kawaida watakosa mashine? Ubao unavuliwa, anayefuata anapanda.

Kinachosumbua kweli ni upana wa tundu la mashine analopitishwa mgonjwa. CT nyingi zina sentimita 70, za kupangia hufika 80 na zaidi. Mlaze mama mwenye saratani ya titi kwenye ubao wa mteremko, mikono juu ya kichwa, umsukume ndani taratibu: kiwiko ndicho kinachogonga kwanza.