Muziki wa Frank Zappa haukutokana na dawa za kulevya
Wengi wanaomsikia kwa mara ya kwanza Frank Zappa, mwanamuziki wa roki wa Marekani aliyefariki mwaka 1993, hudhani kwamba muziki wake wa vituko, unaoruka ghafla kutoka mzaha hadi midundo migumu kuhesabu, ulitungwa na mtu aliyelewa dawa. Sivyo. Zappa alizipinga dawa za kulevya na kuwakataza wanamuziki wake kuzitumia ziarani, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kuachana na sigara na kahawa.

Kinachowavutia mashabiki wake wa miaka mingi ni nidhamu iliyojificha nyuma ya masharubu na utani ule. Kipande chake cha ngoma, The Black Page, kiliitwa hivyo kwa sababu noti za muziki zilisongamana hata ukurasa ukaonekana mweusi. Mpigaji hawezi kukibahatisha jukwaani, sharti akisome na kukifanyia mazoezi. Pierre Boulez, kondakta Mfaransa wa okestra ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, aliongoza baadhi ya tungo za Zappa katika albamu ya mwaka 1984. Ubunifu wa papo kwa papo ulikuwepo, hasa gitaa lake liliposhika usukani, lakini bendi ilibadilisha mwelekeo kwa kufuata ishara za mkono wake.