Stesheni ya Ngome Kongwe: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

"Unguja haijapata kuwa na treni." Maneno haya nayasikia hata kwa wazaliwa wa Mji Mkongwe, na yananiuma, maana reli ilianzia pale pale wanapopita jioni wakienda Forodhani. Stesheni ilikuwa nje ya Ngome Kongwe, upande wa pwani, na ngome yenyewe iliwahi kuwa bohari wakati wa ujenzi wa reli. Tangu 1905 garimoshi liliondoka hapo, likajipenyeza katika njia nyembamba za mji, kisha likaelekea kaskazini mpaka Bububu, mwendo wa maili saba, yaani kilomita 11 hivi.

Wapo wanaokubali kwamba ilikuwepo, ila husema ilikuwa ya Sultani Barghash. Hapo wanachanganya reli mbili. Ya Barghash ilijengwa 1879 na ilikwenda kusini, kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ndipo alipoagiza kichwa cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki 1888, reli ikang'olewa. Kwa hiyo anayesema reli ya kwanza Afrika Mashariki ni ile iliyoanzia Mombasa 1896 ameruka miaka 17.

Kuhusu mjenzi wa reli ya Bububu: hakuwa serikali ya Waingereza. Ni Arnold, Cheney & Co., kampuni ya Marekani. Serikali iliinunua baadaye, 1911.

Dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi ni kwamba lilikuwa gari la wageni. Behewa maalumu la daraja la kwanza liliunganishwa siku ambazo meli zimetia nanga, ili abiria wake wakaone kisiwa. Siku nyingine lilikuwa gari la wenyeji, na kwa ajili yao ndiyo reli ilijengwa. Wanaotembeza wageni pale ngomeni wangewatendea haki wazee wetu kwa kuwataja abiria hao pamoja na Wareno na Waomani.

Wala Mapinduzi ya 1964 hayakuiua. Barabara ya Bububu ilipotengenezwa vizuri, safari za abiria zilikoma 1922. Kwa miaka kadhaa reli iliendelea kubeba mawe ya kazi za bandari, kisha ikafungwa kabisa. Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa mbele ya ngome mwaka 1936, watu wa Bububu walikuwa na miaka 14 wakija mjini kwa barabara.