Mofini ya maji: dozi hufuata figo, si jina la ugonjwa tu

Mofini ni dawa kali ya maumivu. Ile ya maji inayotumika sana katika tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mahututi) ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Ipo pia yenye nguvu mara kumi, kwa hiyo soma maandishi kwenye chupa. Rangi pekee haitoshi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Tuseme mgonjwa ana saratani ya mlango wa kizazi na figo zake bado nzima. Mara nyingi naanza na miligramu 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, kisha 10 saa 4 usiku ili alale hadi asubuhi. Hiyo ni 30 kwa siku. Maumivu yakichomoza katikati, apewe 5 za ziada na ziandikwe daftarini. Akihitaji ziada mara tatu kwa siku, jumla ni 45. Gawanya kwa sita, maana ya usiku huhesabiwa mara mbili: dozi mpya ni 7.5, na ya usiku 15. Wengi husubiri maumivu yarudi ndipo watoe dawa, kisha husema mofini haifanyi kazi.

Kichefuchefu huisha baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, hivyo bisakodili, dawa ya kulainisha choo, miligramu 5 kila usiku ianze siku ileile, isipokuwa anaharisha, au tumbo limevimba, anatapika na hata hewa haitoki: hapo huenda utumbo umeziba.

Saratani hiyohiyo inaweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, nazo figo zikachoka. Mabaki ya mofini hutoka kwa mkojo, kwa hiyo dozi iliyomfaa wiki nzima huanza kumlemea bila mtu kuiongeza: usingizi mzito, misuli kurukaruka, kuona visivyokuwepo. Mimi huuliza kwanza amekojoa kiasi gani. Mwenye figo zilizochoka, kwa ugonjwa wowote, huanza na 2.5 kila saa 6 hadi 8, au kwa nafasi kubwa zaidi, na diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, aiache kabisa.

Kwa moyo uliochoka, miligramu 2.5 huweza kutuliza kuhema hata pasipo maumivu, ila figo za wagonjwa hawa nazo mara nyingi ni dhaifu, basi nafasi kati ya dozi ipangwe vivyo hivyo. Furosemaidi, dawa ya kutoa maji ya ziada mwilini, iendelee. Akae ameegemea mito, feni imwelekee usoni. Diklofenaki hapa pia haifai: huzuia chumvi na maji mwilini, miguu ikavimba upya.