Kufuta vilivyojirudia kwenye orodha: tunachoamini na kinachotokea kwenye simu

Msimu uliopita wa parachichi, mzee mmoja wa Rungwe alileta mzigo mara mbili kwa siku: kreti mbili asubuhi, kilo 40, na kreti mbili alasiri, kilo 40 tena. Programu ya simu niliyomwandikia mnunuzi mmoja pale Tukuyu ikaona jina lilelile, tarehe ileile, kilo zilezile. Ikafuta mstari wa pili. Siku ya malipo mzee akapewa nusu ya haki yake. Akatoa mfukoni vikaratasi viwili vya mzani, akavinyoosha mezani kwa kiganja: “Mwanangu, simu yako imenilia kreti mbili.”

Programu yangu haikuwa na kosa hata moja la kisarufi. Ilifanya nilichoiagiza.

“Vikifanana, ni kitu kimoja.” Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, na wala si ya kompyuta. Simama sokoni Tukuyu uite “Mwakyusa!” uhesabu vichwa vitakavyogeuka. Upande wa pili, mtu mmoja anaweza kuingia mara tatu: karani wa kwanza kaandika herufi kubwa tupu, wa pili kaacha nafasi mwishoni mwa jina, wa tatu kaanza na ubini. Namba za simu ndivyo zilivyo. Inayoanza na 07, inayoanza na 2557 na inayoanza na +2557, kwa jicho la karani ni namba moja. Kwa programu ni maneno matatu yasiyojuana. Kwa hiyo safisha kwanza, ndipo ulinganishe: ondoa nafasi na alama, bakiza tarakimu 9 za mwisho. Hata hapo usijisahau, maana wazee wengi hupokelea pesa kwenye simu ya mtoto, na wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na namba moja.

Wakulima niliishia kuwapa namba ya uanachama. Mizigo nayo, kila karani anapobonyeza “Hifadhi”, simu inaupa mzigo namba yake ya pekee ya biti 128 kabla haijautuma popote. Faida yake utaiona mtandao ukikatika, na kwenye ile milima unakatika sana. Simu inatuma, seva inapokea, jibu linapotea njiani, simu inadhani taarifa haikufika na inatuma tena. Huo ndio ujirudiaji wa kweli, na seva inautambua kwa namba ile. Kreti za alasiri zina namba nyingine, kwa hiyo zinabaki.

“Ni mstari mmoja tu, geuza orodha iwe seti,” yaani mkusanyiko usiokubali kitu kimoja mara mbili. Kwa maneno na namba, sawa: kwenye Dart, lugha ya kuandikia programu, `toSet().toList()`, kwenye lugha ya Kotlin `distinct()`, umemaliza. Ila ukiwa na klasi yako mwenyewe, yaani kiolezo cha taarifa kama za mkulima, Dart huona wakulima wawili wenye kila kitu sawa kuwa ni wawili, mpaka klasi hiyo uiandikie `==`, inayolinganisha, na `hashCode`, inayotoa hashi, yaani namba fupi inayokokotolewa kutoka kwenye taarifa zake. Vijana ninaowafundisha hapa Mbeya huandika ya kwanza wakasahau ya pili, kisha wanashangaa seti imejaa marudio. Seti huanza na hashi ili ijue ifungue droo gani; ikifungua droo isiyo yenyewe, haifiki hata kulinganisha. Kotlin inakupunguzia kazi kwa `data class`, lakini inalinganisha tu yale uliyoyataja kwenye mabano ya mwanzo ya klasi. Ulichokiongeza ndani ya mwili wake hakihesabiwi.

“Seti huvuruga mpangilio.” Inategemea uko wapi. `HashSet` ya lugha ya Java haiahidi mpangilio wowote, na `Set` ya lugha ya Swift inaweza kuja na mpangilio mwingine kila programu inapofunguliwa. Seti ya kawaida ya Dart na `distinct()` ya Kotlin hufuata kilichotangulia kuingia. Mimi naona swali zito ni jingine: abaki yupi? `distinctBy` ya Kotlin, inayofuta marudio kwa kigezo unachokitaja, inambakiza wa kwanza. Mkulima akibadilisha namba ya malipo, taarifa yake mpya ndiyo inayokuja nyuma, na ndiyo utakayoitupa. Panga kwanza kwa tarehe, mpya juu, au tumia `associateBy`, ambayo hubakiza wa mwisho.

“Orodha yetu ni ndogo, lupu mbili zinatosha,” yaani kuipitia orodha nzima upya kwa kila jina. Kwa majina 50, sikubishii. Kwa 5,000, kulinganisha kila mmoja na kila mmoja ni mara 12,497,500, na kwenye simu ya bei nafuu karani atadhani imekufa aanze kuipigapiga. Ukipita na seti, kila jina unalikagua mara moja. Na usifute ndani ya orodha unayoipitia: mara nyingi programu itaanguka, na ukienda kwa namba za nafasi kutoka mbele, kila unapofuta unamruka anayefuata. Anzia nyuma, au jenga orodha mpya.

“Skrini ikiwa safi, kazi imekwisha.” Kesho rekodi zilezile zilizojirudia zitarudi kutoka kwenye kanzidata. Weka `UNIQUE`, sharti linalokataa marudio, kwenye jedwali la SQLite, kanzidata ndogo iliyo ndani ya simu, ila ujue kitu kimoja: SQLite haihesabu NULL mbili, yaani nafasi mbili zisizojazwa, kuwa sawa. Wakulima wote wasio na namba ya uanachama watapita mlangoni mara nyingi watakavyo.

Siku hizi mizigo miwili ikifanana kwa kila kitu isipokuwa namba yake, programu haigusi kitu. Inamwuliza karani: “Mzigo mwingine, au ni uleule?” Yule mzee alilipwa kreti zake kesho yake. Vikaratasi vya mzani bado anakuja navyo mfukoni.