Ajira kwa Vijana: Yasemwayo na Yaliyopo

Dhana: Vijana wa Tanzania hawana kazi kwa sababu wanachagua kazi.

Kijana asiye na wa kumlisha hana nafasi ya kuchagua, ndiyo maana kwenye vituo vya bodaboda na meza za machinga hutakosa wenye vyeti vya kidato cha nne na hata shahada. Utata huanzia kwenye hesabu yenyewe ya wasio na kazi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya kujipatia kipato walau saa moja katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa ana kazi. Kwa hiyo anayeuza vocha jioni mbili kwa wiki hayumo katika orodha ya wasio na ajira, ingawa anachopata hakitoshi hata kodi ya chumba.

Dhana: Fundi aliyejifunzia gereji hawezi kupata cheti mpaka aanze chuo upya.

Upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaosimamiwa kitaaluma na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya: seremala huonyesha anavyochukua vipimo na kuunga mbao, fundi umeme anavyovuta nyaya na kufunga soketi, kisha huulizwa sababu ya kila hatua. Panapoonekana pengo, tuseme katika usalama kazini, kusoma michoro au kukadiria gharama, hupewa mafunzo mafupi ya kuliziba kabla ya kupimwa kwa ajili ya cheti. Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana inayowagharimu vijana zaidi, kwa kuwa fundi wa namna hii hakosi ujuzi bali karatasi ambayo mkandarasi huidai kabla hajamwona akishika nyundo. Bila karatasi hiyo hubaki kibarua wa kulipwa kwa siku, pengine chini ya msimamizi ambaye fundi huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Wapo pia wanaoona haya kupimwa na mtu mdogo kwao kwa umri, jambo linaloeleweka, lakini haya hiyo haina faida yoyote.

Dhana: Mikopo ya halmashauri ni ya wenye kadi ya chama, na si lazima kuirejesha.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, wala kadi ya chama si sharti. Kinachotakiwa ni kikundi kilichosajiliwa, chenye mradi unaoeleweka na akaunti ya benki. Malalamiko ya upendeleo yapo, na uwepo wa vikundi hewa ulichangia mikopo hiyo kusitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hata hivyo, mkopo huo ni deni, kwa maana marejesho ya kikundi kimoja ndiyo hukopeshwa kingine.

Dhana: Kazi serikalini hupatikana kwa kumpa mtu fedha.

Maombi hutumwa bila malipo kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayepiga simu akidai fedha ili "apitishe jina" ni tapeli au mla rushwa, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa zake bure kwa namba 113.