Kwa nini "with" ya Kiingereza humaanisha rafiki na adui pia?

Chukua sentensi hii: "My grandfather fought with the British." Mjukuu wa mzee aliyepelekwa Burma mwaka 1944 na kikosi cha KAR (King's African Rifles, askari wa Kiafrika chini ya Waingereza) angeweza kuisema, maana babu yake alipigana upande wa Waingereza. Mjukuu wa mpiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Nyandarua naye angeisema vilevile, na babu yake aliwapiga haohao. Wote wawili wako sahihi kisarufi.

Chanzo ni cha kale. Miaka elfu moja na ushei iliyopita, neno hili liliandikwa "wið", na maana yake kubwa ilikuwa "dhidi ya". Kazi ya "pamoja na" ilikuwa ya neno jingine, "mid", ndugu wa "mit" ya Wajerumani. Basi huyu wa ugomvi akaanza kuingilia kazi ya mwenzake, na kadiri karne zilivyopita, "mid" akafukuzwa nyumbani kabisa. Amebaki amejificha ndani ya "midwife", yaani mkunga. Wengi huona "wife" pale wakadhani ni habari za mke wa mtu. Zamani "wife" alikuwa mwanamke yeyote, kwa hiyo mkunga ni yule aliye pamoja na mwanamke wakati wa uchungu. Mimi naona ni jina zuri kuliko watumiaji wake wanavyojua.

Ule uadui wa awali nao haujaisha. "Withstand" ni kuhimili, kwa asili kusimama dhidi ya kitu.

Tusiwacheke lakini. Tunaposema "Yanga imecheza na Simba", hakuna anayedhani zilikuwa timu moja. "Na" yetu nayo ina sura mbili. Ndiyo maana kwa urafiki tunaongeza "pamoja na" au "bega kwa bega na".

Shida ya kila siku ni kwamba "with" moja kwetu hugawanyika. Unakula na kaka yako, ila unakula kwa kijiko. Msichana ni mwenye miwani, chai ni ya maziwa. Na kwa kuwa mitaani Nairobi watu husema "niko na gari", usishangae mtu akikuandikia "I am with a car". Mwingereza atadhani mtu huyo amesimama kando ya gari.